Kulibembeleza Lori

Dizeli mimi siisomi kwenye karatasi, ninaisikia. Shule niliiacha darasa la nne, msimu ambao pamba yetu yote ilikauka shambani, na tangu hapo mwalimu wangu amekuwa injini. Waulize watu wa barabara kuanzia Tinde mpaka Katoro. Watakuambia yupo mtu mmoja akisimama kando ya lori linalonguruma, akainamisha kichwa kidogo, anakutajia ugonjwa kabla hujazima. Mtu huyo ni mimi. Leo nina malori yangu, nina nyumba ya bati la rangi Geita, na nina madereva wanaoniamkia hata kama wameniona kwa mbali. Sikurithi hata spana moja.

Nayasema haya mapema ili anayesoma yaliyonipata siku niliyokwenda kumhamisha mama yangu asije akadhani kazi siijui. Ninaijua. Ila nilikuwa nimechoka. Uchovu wa mtu wa usukani hauishi kwa kulala. Unakaa kiunoni, unashuka gotini, na ukishuka chini kununua maji unatembea kama bado umekalia kiti.

Mama alikuwa akiishi peke yake kijijini kwetu, upande wa Kishapu. Nilikuwa nimemwita mara nyingi aje Geita, na kila mara alikuwa na jibu. Mara mihogo haijavunwa, mara kuku wanaatamia, mara hapendi maji ya bomba, yana harufu ya dawa. Mwaka huu akaanguka njiani akitoka lamboni kuchota maji. Goti likavimba, jirani akanipigia simu. Nikasema safari hii sitaki jibu. Ningeweza kumtuma dereva, lakini mama ni mama. Nikawasha lori langu la zamani, lile la kwanza kabisa kulinunua, nikaenda mwenyewe.

Nilifika jioni. Nikamkuta amekwisha kufunga kila kitu: sufuria ndani ya sufuria, magodoro yamekunjwa, magunia mawili ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, yameshonwa midomo, na jiwe lake la kusagia limeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Sijakonda, nimechoka. Hili jiwe nalo linakwenda? Geita mashine za kusaga ziko kila kona."

"Basi nalo libaki, na mimi nibaki nalo."

Nikalipakia jiwe.

Jioni ileile akalizunguka lori, akaligonga-gonga ubavuni na fimbo yake, akaniuliza, "Hili linanywea wapi?" Nikamwonyesha tangi. Nikamfungulia hata mfuniko aone, nikamweleza kwamba likijaa linatoka hapa mpaka Geita na kurudi bila kuomba. Chujio la mdomoni halikuwapo. Madereva wangu walilitoa zamani kwa sababu linachelewesha kujaza. Mama akachungulia ndani, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa kisima kizuri. Kufuli la tangi sikulirudisha. Kijijini kwetu nani aibe dizeli, apeleke wapi?

Alfajiri, nikiwa ndani nakunywa uji, yeye alikuwa nje anaongea na mbuzi wake. Nilipotoka nikakuta mbuzi wamepakiwa nyuma na yeye tayari ameshapanda, amekaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Na hapo ndipo akanitolea sharti.

"Sikiliza, baba. Likifika kwa miguu yake, nitakaa kwako. Likivutwa kwa kamba, utanirudisha hapa hapa, na usiniite tena."

"Mayu, lori hili halijawahi kuvutwa na mtu."

"Basi unaogopa nini?"

Sikuogopa. Jana yake lilikuwa zima kama ng'ombe dume.

Mpaka Tinde tulikwenda vizuri. Tulipoingia barabara ya Isaka, mlima mdogo tu, injini ikaanza kupanda na kushuka. Mguu wangu umetulia palepale, sijaongeza mafuta wala sijapunguza, lakini sauti inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama mtu anayehema baada ya kulia. Lori linavuta, linalegea, linavuta. Kichwa cha mama kikawa kinakwenda mbele na nyuma.

"Linasemaje?" akauliza.

"Linasema lina njaa."

Injini ya dizeli ina magonjwa ya shibe na magonjwa ya njaa. Ikishiba kupita kiasi inatoa moshi mweusi na kukohoa. Ikiwa na njaa inahema hivi. Pampu inanyonya, inapata kidogo, inakosa, inapata tena. Mtu asiyejua atakanyaga mafuta kwa hasira, na hapo ataizima kabisa, maana aliye na njaa humwongezei mzigo. Mimi huibembeleza. Nikapunguza gia, nikainua mguu taratibu, nikaushusha taratibu, nikawa naongea nayo kimoyomoyo: twende, mama, twende, usinitie aibu, pale mbele kuna mteremko.

Kumbe midomo ilikuwa inacheza. Mama akacheka puani.

"Unalibembeleza hili kuliko unavyombembeleza mtu."

"Watu wana masikio, mayu. Hili halina."

"Ng'hana," akasema, maana yake kweli, lakini aliisema akiangalia dirishani.

Lilizimika tunaingia Isaka, pale malori ya kwenda nchi jirani za magharibi yanapopanga foleni. Mimi pale Isaka nililala chini ya malori miaka yangu ya ujana, nikiwa utingo, mfuko wa saruji ndiyo shuka langu. Kwa hiyo kuzimikiwa na lori mbele ya madereva wa Isaka ni sawa na shehe kusahau dua msibani.

"Mzee wa masikio!" mmoja akapaza sauti kutoka kwenye kivuli cha tela lake. "Leo limekataa kuongea?"

"Linaongea, ila linaongea Kisukuma. Wewe wa Morogoro utasikia nini?"

Wakacheka. Nikafungua boneti. Kitu cha kwanza ukiona injini inahema ni kushuku hewa. Dizeli inasafiri kwenye bomba kama maji kwenye mrija. Hewa kidogo ikiingia, mnyororo unakatika. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya filta, nikasukuma pampu ya mkono. Kama kuna hewa, pale hutoka povu. Sikuona povu. Ilitoka dizeli safi, ya rangi ya chai isiyo na maziwa, ila ilitoka kwa kinyongo, pampu ngumu mkononi. Nikabadilisha filta, maana huwa nina moja mpya chini ya kiti, nikaipasua ya zamani kuitazama. Hakuna maji ndani, hakuna matope. Uchafu wa kawaida wa barabara zetu.

Nikawasha. Likawaka mara moja, likatulia. Madereva wakapiga makofi. Hata hivyo yule wa Morogoro alikuja na kamba yake nene begani, akasema kwa wema tu, "Mzee, mimi naelekea Kahama. Nikuvute, usimtese mama."

Mama akaitazama ile kamba. Akanitazama mimi.

"Kamba yako kafungie ng'ombe," nikamwambia.

Hapo nilijivunia mapema mno. Filta haikuwa imefanya kitu. Lori lilikuwa limepumzika tu, na ugonjwa ule, kama nilivyokuja kuuona, ulikuwa unapona kila tukisimama na kurudi kila tukinyonya kwa muda. Kati ya Isaka na Kahama lilihema, likazimika, likawaka, likahema tena. Kila likizimika nashuka, napiga magoti, nasukuma pampu ya mkono mpaka kidole gumba kinakufa ganzi. Jua lilikuwa limekaa juu ya bati la kichwa cha lori. Mbuzi nyuma wanalia. Mama hakulalamika kwa kelele. Angelalamika kwa kelele ningemjibu. Alikuwa anasema polepole, kila baada ya kuzimika, kama mtu anayehesabu shanga:

"Masamva wanakataa. Nirudishe."

Masamva ni wazee wetu waliokufa. Nami nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoweza kubishana na waliokufa.

"Masamva hawajui dizeli, mayu."

"Wanamjua anayeiendesha."

Kahama tuliingia kwa mwendo wa baiskeli, na pale mtaa wa Nyahanga likafia kando ya barabara, jirani na duka la spea la mzee mmoja wa Kihindi ninayefahamiana naye tangu nikiwa sina hata ndala. Amezaliwa Kahama, baba yake kazaliwa Kahama, na Kisukuma anakiongea kuliko wanangu. Alitoka na kiti cha plastiki, akamshika mama mkono, akamkalisha barazani.

"Mwadila, mayu," akamwamkia, ile salamu yetu ya mchana.

Mama uso ukafunguka kwa mara ya kwanza siku ile. Akaletewa chai ya tangawizi. Mimi sikuletewa kitu.

"Ngosha," mzee akanigeukia kwa jina letu la kumwita mwanamume, "nunua pampu. Ninayo. Hiyo yako imezeeka kama mimi."

"Pampu yangu nzima."

"Umeiuliza?"

"Nimeiuliza. Inasema haipewi chakula."

Akacheka, akainua mabega. Mwenye duka la pampu kila ugonjwa kwake ni pampu, simlaumu. Nikaingia chini ya lori kwa mgongo, kwenye vumbi, na suruali yangu ya safari. Nikamwomba anipigie starta huku nimeshika mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu. Injini ikawaka. Mpira mwanzo ulikuwa mviringo mkononi mwangu. Halafu, injini ilipoanza kuhema, nikausikia unabonyea. Unanywea kama mrija wa mtoto aliyefika mwisho wa soda. Hapo nikajua. Mpira ukinyonywa mpaka ukabonyea, pampu ina nguvu, tena nguvu nyingi. Kinachozuia kiko nyuma yake. Kiko tangini.

Nikafungua mfuniko wa tangi, nikasikiliza. Mfuniko ukiziba kitundu chake cha kupumulia, tangi linajinyonya lenyewe na ukiufungua unasikia fyuu. Sikusikia fyuu. Siyo mfuniko.

Nikafanya jambo ambalo nilijifunza palepale Isaka zamani. Nikachukua dumu la dizeli safi, nikalifunga juu ya kichwa cha lori, nikachomoa mpira wa tangi na kuchomeka mwingine kutoka kwenye dumu. Dizeli inashuka yenyewe, hakuna cha kunyonya kwa shida. Nikawasha. Aisee! Lori likanguruma kwa mkao mmoja, sauti imenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Nikakanyaga, likaitika. Nikaachia, likatulia.

Mama kule barazani akaweka kikombe chini.

"Sasa linanyonya chupa?"

"Ndiyo, mayu."

"Limekataa ziwa?"

"Ziwa ndilo limeziba."

Mzee wa duka akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini mimi nilikuwa sina cha kucheka. Dumu lingenifikisha Geita, ndiyo, nikijaza njiani na kuomba lisianguke kwenye mashimo. Ila ningemleta mama mjini na lori linalonyonya chupa, mbele ya majirani na madereva wangu? Hapana. Nikarudi chini. Nikapuliza kwa mdomo kwenye bomba la tangi, kwa nguvu zangu zote, na ladha ya dizeli mpaka leo ninaikumbuka. Mwanzo hewa haikwenda, mashavu yakavimba. Kisha ghafla ikapita, na ndani ya tangi nikasikia viputo: bug, bug, bug. Kitu kilichokuwa kimebanwa kwenye mdomo wa bomba kilikuwa kimesukumwa. Hakikuwa matope, matope hayabanduki hivyo. Kilikuwa kitu kinachoelea, kinachovutwa na kunyonywa, kikaziba, na lori likizimika kikaachia na kwenda kuzurura. Ndiyo maana kila tukipumzika tulipona.

Nikiwa pale chini, nasubiri kifua kirudi, nikawasikia wanaongea barazani.

"Unakwenda kukaa kwa mtoto, mayu? Vizuri sana. Mtoto ana nyumba kubwa."

"Nimeambiwa nakwenda," mama akajibu. "Sijaombwa. Nimeletewa lori kama gunia la choroko."

"Wanaume wa kazi wako hivyo."

"Baba yake alikuwa wa kazi pia. Alinibembeleza kutwa nzima nje ya nyumba ya baba yangu, jua hili hili. Kuhamia kwa mtu bila kubembelezwa ni kuwa mzigo. Mke, mama, ni yaleyale."

Nilisikia, nikapuuza. Nilikuwa na bomba mdomoni.

Tukaazima mapipa, nikatoa dizeli yote tangini, nikafungua bolti za bomba la kunyonyea. Zilikuwa zimekula kutu, kila moja na dua yake. Mchana ulikwisha pale. Mgongo ulifika mahali hauumi tena, ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nikachukua waya, nikaukunja ncha kama ndoana, nikaupitisha mdomoni mwa tangi, nikavua. Mara ya kwanza hakuna. Mara nyingine nikakamata kitu laini, kikateleza. Nikakikamata tena, nikakivuta polepole mpaka nje.

Kifuko cha ngozi, kidogo kama kidole cha mtu, kimeshonwa kwa uzi mweusi, kimevimba kwa dizeli. Na uzi wake wa kuning'inizia umefumuka, umekuwa kama ndevu.

Mzee wa duka alikitazama, akakumbuka kwamba ana mteja ndani.

Nikaenda barazani, nimekishika kwa ncha ya waya, dizeli inadondoka. Mama hakushtuka. Alikichukua, akakifuta kwa pindo la kanga yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Mayu. Hii umeitia wewe?"

"Asubuhi, ukiwa kwenye uji."

"Kwenye tangi?"

"Ulinionyesha mwenyewe linakonywea. Mtu akipewa dawa ya safari anaimeza. Lori lingeimezea wapi?"

Nimefungua injini nyingi maishani. Nimekuta panya kwenye kichungio cha hewa, nimekuta soksi kwenye bomba la moshi. Hirizi kwenye tangi, tena kwa mantiki iliyonyooka namna ile, sijawahi kukuta.

"Kwa hiyo ulilifunga lisifike," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imechoka zaidi ya kukasirika. "Kutwa nzima, mayu, natambaa chini kama kenge. Ungeniambia tu hutaki."

Akanitazama kama anavyonitazama nikiwa mdogo nimekuja na jibu la hesabu lisilo sahihi.

"Nani kasema nililifunga? Hii ni dawa ya kufika, ng'wana wane. Nilitembea na goti hili mpaka kwa yule bibi mganga wa ng'ambo ya lambo kuipata. Jana, kabla hujaja."

Kabla sijaja. Nikakumbuka sufuria zilizofungwa ndani ya sufuria. Nikakumbuka magunia yaliyoshonwa midomo. Nikataka kumwuliza kwa nini basi kila likizimika alikuwa anasema nirudishe, nirudishe, na neno likafika kwenye meno, likasimama. Jibu lake nilikuwa nimeshalisikia nikiwa chini ya tangi, bomba mdomoni.

Nikarudisha bomba, nikarudisha dizeli kupitia kitambaa safi, nikatoa hewa, nikawasha. Likasimama kwenye sauti moja. Mama alitaka hirizi irudi ilikotoka, tukabishana kidogo, tukakubaliana: nikaifunga kwa waya kwenye mnyororo wa mfuniko, nje ya tangi, ambapo ingenusa dizeli bila kuinywa. Mzee wa duka alitoka kutuaga, na kikombe cha chai, safari hii changu.

"Na ile pampu?" akauliza.

"Uza kwa wa Morogoro."

Kutoka Kahama mpaka Geita, kupitia Kakola, lori halikuhema hata mara moja. Tulipita vijiji vya wachimbaji, makarasha yanasaga mawe kando ya barabara, vijana weupe kwa vumbi kama waliotoka kwenye pipa la unga. Mama aliuliza kama wanasaga mahindi. Nikamwambia wanasaga mawe. Akasema basi jiwe lake litapata wenzake. Halafu akasinzia, fimbo ikamlalia mapajani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, nikayageuza kichwani kilomita nyingi, na alikuwa amelala.

Tuliingia Geita jua linazama. Mke wangu na watoto walikuwa wamejipanga getini, madereva wangu wawili wakaja kushusha mizigo. Nikashuka, lori nikaliacha linanguruma, magoti yakalia. Mbuzi wakashushwa, magunia yakashushwa, jiwe likashushwa na watu wawili wakiuliza ni nini hiki. Mama hakushuka. Alikaa palepale, ameamka, anaangalia mbele kwenye kioo.

"Bibi, karibu!" watoto wakapiga kelele.

Hakugeuka.

Mke wangu akanitazama. Madereva wakanitazama. Nikazunguka mbele ya lori, taratibu, kwa sababu ya kiuno, nikafungua mlango wake, nikasimama pale chini. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka dizeli. Nikaifuta kwenye suruali.

"Mayu, shuka basi."

"Nimekaa vizuri."

"Lori limefika kwa miguu yake."

"Nimeona. Limefika. Hongera yake."

Nikasogea karibu zaidi. Nikashusha sauti, ile ninayoitumia mlimani.

"Mayu. Ninakuomba."

Akainamisha sikio, akakunja uso, akanyoosha fimbo kuelekea usukani.

"Zima kwanza hilo lako," akasema. "Sikusikii."